Sambusa za Upepo

Oveni ililetwa na mtu aliyekuwa akirudi likizo kutoka Ghuba. Ilikuwa imefungwa kwa shuka mbili na utepe wa kutosha kuzibia madirisha ya nyumba nzima. Aliyeituma ni kaka yangu. Ni sanduku jeusi la stima lenye mlango wa kioo, na ndani feni huzungusha hewa ya moto ili chakula kikaangike bila kutumbukizwa kwenye mafuta. Niliiweka juu ya meza ya jikoni, nikaichomeka, ikalia mara mbili. Mama aliitazama kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Hili si jiko," alisema. "Hili kabati la vyombo limeshikwa na homa."

Sababu ya kununuliwa haikuwa siri. Mama alikuwa amepata kiharusi. Alipona, akarudi kutembea na kusema maneno yake kama zamani, ila mkono wa kushoto ulibaki na ganzi. Siku moja akikaanga samaki, mafuta yalimrukia kwenye mkono huo asijue. Mimi ndiye niliyeona ngozi imevimba, yeye akiendelea kugeuza samaki. Nilimpigia kaka simu, tukaamua wawili, bila kumuuliza mwenyewe, kwamba wali na mchuzi nitapika mimi na karai halitapanda tena motoni. Nililifunga kwenye gunia nikalisukuma chini ya kitanda changu.

Mama hakubisha, na hilo lilinitia wasiwasi kidogo, kwa sababu mama hubishana hata na mwadhini akichelewa.

Huku kwetu Malindi, mwezi wa Ramadhani sahani hutembea. Kabla ya magharibi kila nyumba hupeleka kitu kwa majirani, na sahani ya watu hairudishwi tupu. Sahani ya mama ilikuwa ya sambusa, na mtaa mzima ulijua. Ramadhani ya kwanza baada ya kuugua, sahani zilikuja kwetu kwa wingi, kila moja na maneno yake mlangoni: msijisumbue kurudisha na kitu, mwambie mama apumzike. Walisema kwa wema. Mama alishukuru, akala kidogo sana.

"Tumekuwa nyumba ya kupelekewa," aliniambia siku moja, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

Nyumba za kupelekewa pale mtaani zinajulikana. Ni ya mjane aliye edani, ya mzee asiyeondoka kitandani, ya watu waliofiwa juzi. Mama hakutaka kuhesabiwa humo, na mimi nilikuwa nimelifungia karai lake kwenye gunia. Basi oveni ilipofika, nilijiambia kwamba Ramadhani inayofuata sambusa zitatoka, hata kama zitatoka kwenye kabati.

Tulianza majaribio mwezi wa Shaabani. Nilianza na viazi vya karai, kosa ambalo wenye kuunda mashine ile hawakulifikiria, maana kwao hakuna viazi vya karai. Nilichovya viazi kwenye uji wa unga wa dengu nikavipanga juu ya wavu. Kwenye mafuta ya moto ule uji hushika papo hapo. Kwenye wavu ulidondoka wote, ukaoka kwenye trei ya chini kama chapati ya manjano, na viazi vikabaki uchi.

"Naona umeipikia trei," mama alisema. Lakini alisogeza kiti karibu na meza.

Sambusa zilikuwa na shida nyingine. Mama hubandika manda, yale maganda ya unga ya kufungia kima, kwa gundi ya unga na maji, na mafuta huimaliza kazi hiyo. Feni ilizifungua. Tuliziona kwa kioo zikiinua pembe zao moja baada ya nyingine, kima ikikauka ndani. Isitoshe, mama hakuiamini kengele ya kusema vimeiva. Maisha yake yote amepika kwa kusikiliza mafuta, na mashine hii haikuwa na sauti ila ya feni. Kila mara alifungua mlango atazame, joto likatoka. Nilimwambia aache. Alinijibu kwamba yeye hajawahi kupika kitu bila kukitazama usoni.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amezipaka sambusa mafuta kwa brashi, amezilaza mshono ukiwa chini, na juu yake ameweka wavu wa pili kuzikandamiza. Zilitoka zimefungika na zina rangi. Aliuma moja, akatafuna muda mrefu.

"Zinalika," alisema. Kwa mama hiyo si sifa.

Ramadhani ikaingia. Yeye hakufunga kwa sababu ya dawa zake, kwa hivyo ndiye pekee aliyeonja mchana. Nilipeleka sahani mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na kila niliporudi aliniuliza wamesemaje.

"Wamesema tamu, mashallah."

"Wote?"

"Wote."

Alikunja uso. Alizionja, alijua zilivyo. Baada ya siku kadhaa aliacha kuuliza, na nikimletea manda azikunje, alizikunja bila kunitukana nilivyozikata. Nilianza kuogopa kweli. Nilikuwa nimempa jiko na bado alikuwa akinitoka.

Jirani wa nyumba ya mbele ni mke wa mchuuzi wa samaki. Yeye na mama waliletwa mtaa huu wakiwa maharusi, na tangu hapo wamekuwa marafiki wanaoshindana kwa kila kinachoingia chunguni. Alikuwa safarini kwa mwanawe Kaloleni Ramadhani ilipoanza. Aliporudi nilimpelekea sahani yake kama wengine. Kesho yake alasiri aliirudisha mwenyewe, ina kaimati, akasimama mlangoni na buibui lake bila kuketi.

"Sambusa zako siku hizi kavu," alimwambia mama. "Na kitunguu umekibana. Ubahili umeuanza lini?"

Nilitaka kumshika bega nimtoe nje, nimweleze habari ya mkono na mafuta na miezi yote ile. Mama aliniwahi.

"Kavu ni ulimi wako," alisema. "Umekaa Kaloleni ukila mihogo, leo unajua sambusa?"

"Mihogo ya kule ina maji kuliko hizo."

"Basi kesho usile. Nitampa paka wako."

"Paka wangu anachagua."

Walijibizana hivyo mpaka jirani akakumbuka ameacha chungu motoni, akaaga, akaondoka. Nilimgeukia mama nikitafuta neno la kumpoza. Alikuwa ameshika ncha ya leso kwenye macho yake, na mabega yakimtikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka.

"Umemsikia?" alisema. "Ameniambia kavu. Mgonjwa haambiwi hivyo."