Boksi la Mwisho kwenye Friji ya Sumirah

Boksi lilikaa rafu ya chini ya friji, kati ya tempe, vile vipande vya soya iliyochachuliwa, na chupa za maji, na Sumirah alikuwa amelichoka.

"Pak, wenzangu friji zao zina samaki," alimwambia mumewe. "Yangu ina maiti."

"Si maiti. Limelala tu."

"Miaka yote hii? Aliyelala hivyo husomewa dua."

Kasmadi alicheka, lakini hakulitoa; baridi ndiyo iliyolitunza. Ndani mlikuwa na karatasi za kusafishia picha, zile nzito zenye rangi ya maziwa, ambazo kiwanda kilikuwa kimeacha kuzitengeneza siku nyingi. Habari ya kiwanda kufunga mitambo ilipofika mjini kwao Salatiga, huko Java, Kasmadi alipanda basi hadi Semarang, akazunguka maduka yote, akarudi na boksi hilo moja amelikumbatia kama mtoto mwenye homa. Filamu za kamera alizozipenda zilikuwa zimetangulia kutoweka, moja baada ya nyingine, kisha dawa. Studio yake ilibaki na kamera ya kidijitali ya kupigia picha za vitambulisho. Chumba cha giza kilikuwa bado nyuma ya nyumba, na kila asubuhi alikifagia ingawa hakuna aliyekichafua.

Vijana kutoka Yogyakarta ndio waliompa uhai mpya. Walikuja na kamera za babu zao shingoni, wakakaa sakafuni, wakamsikiliza akisimulia jinsi weusi wa karatasi zile ulivyokuwa mzito kama kahawa ya tubruk isiyochujwa, jinsi uso wa mtu ulivyopanda polepole ndani ya sinia la dawa. Mwishoni alikwenda jikoni, akalileta boksi, akawaruhusu walishike. Hakulifungua. Wao nao hawakuomba. Walilipiga picha, wakamwita Pak Guru, yaani Bwana Mwalimu, wakaondoka. Siku hizo Kasmadi alilala vizuri.

Ng'ambo ya barabara, kwenye banda lake, Bu Rukiyem aliuza pecel, mboga za kuchemsha zilizomwagiwa mchuzi wa karanga. Kasmadi alikula hapo karibu kila asubuhi. Bu Rukiyem alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Yuwono, aliyefanya kazi bandarini Semarang. Homa ya dengue ilimchukua huko. Mama yake alipofika, kijana alikuwa hazungumzi tena.

Siku za matanga zilipopita, Bu Rukiyem alivuka barabara, akavua ndala mlangoni, akaketi.

"Pak Kasmadi, si wewe uliyempiga Yuwono picha ya kitambulisho, alipofika miaka kumi na saba?"

"Ni mimi, Bu. Filamu yake ninayo. Filamu situpi."

"Nataka picha kubwa ya kutundika. Iwe kama ile ya harusi yetu, mimi na marehemu baba yake. Ile karatasi nzito."

Kasmadi aliijua picha ile. Alikuwa ameisafisha mwenyewe, na kwenye ukuta wenye moshi wa jiko ilikuwa haijapauka hata kidogo. Alifungua mdomo kusema ndiyo. Akaliona akilini boksi limefunguliwa, limepasuka utepe wake, si la mwisho tena, ni boksi tu lililopungua. Akawaona wale vijana wakija na kulikuta hivyo. Akajiambia, upesi upesi, kwamba mama muuza pecel hatajua tofauti ya karatasi na karatasi.

"Zimekwisha, Bu," alisema. "Kiwanda kimefunga. Chukua filamu, uipeleke pale sokoni kwenye mashine ya kuchapia picha. Watakutolea safi."

Bu Rukiyem aliipokea bahasha ya filamu kwa mikono miwili, akashukuru.

Alipotoka, Sumirah alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Zimekwisha. Na mimi leo hii nimezisogeza nipate mahali pa tempe."

Kasmadi alijishughulisha na kufuta lenzi ambayo ilikuwa safi.

Wiki iliyofuata picha ilikuwa imetundikwa bandani. Kijana wa mashine alikuwa amefanya bidii: alimng'arisha Yuwono uso ukawa mweupe kama unga wa mchele, akampa anga la bluu nyuma, na kovu lililokata nyusi ya kushoto akaliondoa kabisa.

"Amependeza, sivyo?" Bu Rukiyem aliuliza, akimwekea Kasmadi sahani. "Majirani wote wanasema amependeza. Mimi nikimtazama naona mtoto wa mtu mwingine, mtoto mzuri tu. Labda ni macho yangu."

"Labda ni mwanga, Bu," alisema Kasmadi, na uongo wa pili ulimtoka kwa urahisi zaidi kuliko wa kwanza.

Bu Rukiyem akamwongezea mboga bila kuombwa. Hakuna kilichomchoma kama mboga zile. Laiti angemtukana, angejitetea. Aliendelea kwenda, maana kuacha ghafla kungeulizwa, na kila tonge alilimeza mbele ya kijana asiye na kovu. Vijana wa Yogyakarta walipokuja tena na kuulizia boksi, aliwaambia anaumwa kichwa. Sumirah hakumsema. Alikuwa akifungua friji, anatazama rafu ya chini, anafunga. Ilitosha.

Mvua za kwanza zilipoanza, Kasmadi alishindwa. Asubuhi moja aliagiza chai, akasema kabla ujasiri haujamwisha:

"Bu, zile karatasi nilikuwa nazo. Siku ile ulipokuja. Bado ninazo."

Bu Rukiyem aliacha kutwanga karanga. "Ulikuwa nazo?"

"Ndiyo."

"Ziko wapi?"

"Kwenye friji."

"Kwenye friji," alirudia, kama mtu anayejaribu kulielewa neno. "Mwanangu yuko kaburini, karatasi ziko kwenye friji. Ulikuwa unamwekea nani, Pak? Kuna marehemu gani mkubwa uliyekuwa unamngoja?"

Wateja wawili walijifanya hawasikii.

"Haya, simama," alisema Bu Rukiyem, akijifuta mikono. Akaichomoa filamu kutoka ukutani, ilikokuwa imebanwa nyuma ya fremu. "Twende. Nataka nione kwa macho yangu."

Waliingia wawili chumba cha giza, Sumirah akalinda mlango. Dawa ya mwisho aliyoibakiza, Kasmadi alikuwa ameichanganya tangu jana yake. Chini ya taa nyekundu alikata utepe wa boksi, akaiweka filamu kwenye mashine ya kukuzia picha, akaimulika karatasi, akaitumbukiza. Yuwono akaanza kuja: nywele, kola ya shati, macho, kisha lile kovu, jembamba, mahali pake. Lakini pembeni, palipotakiwa kubaki peupe, kijivu kilikuwa kinapanda. Kasmadi alijua mara moja. Karatasi zilikuwa zimezeeka. Zilishika ukungu humo humo kwenye baridi, huku yeye akiwaonyesha watu boksi.

Alinyoosha koleo aitoe.

"Mwache kidogo," alisema Bu Rukiyem.

"Bu, nikimwacha atakuwa mweusi."

"Mwache."

Akamwacha. Hakuona kuwa ana haki ya kumkatalia. Uso ulikolea, macho yakazama, kovu likapotea, hata sinia likabaki na karatasi nyeusi tupu. Bu Rukiyem aliinama juu yake mpaka mwisho, mkono umeshika ukingo wa meza.

"Fanya tena," alisema.

Ya pili Kasmadi aliitoa kwa wakati. Ilikuwa picha mbovu, ya kijivu, kama mtu anayeonekana kupitia moshi. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kumpa mteja kitu kama hicho.

"Zingekuwa nzuri ungekuja…" alianza, kisha akajisikia anavyosema. "Zingekuwa nzuri kama ningezifungua mapema, Bu. Sasa zimeharibika zote."

"Huyu ndiye," alisema Bu Rukiyem. Akaichukua ikiwa bado inadondoka maji, akavuka barabara nayo mvuani.

Aliitundika. Ile ya mashine hakuishusha. Kasmadi hakwenda tena bandani; pecel alikuwa akimtuma Sumirah amletee, naye Sumirah alikaa huko muda mrefu kuliko unavyohitajika kununua pecel. Boksi lililofunguliwa lilibaki juu ya meza ya studio, na hakuna aliyelirudisha kwenye friji.

Siku ilifika sauti ya Bu Rukiyem ikavuka barabara:

"Pak Kasmadi, huyu mkeo utamtuma mpaka lini? Wewe huna miguu?"

Akaenda. Akaketi mahali pake pa zamani, chini ya picha mbili. Bu Rukiyem hakumtabasamia, na mboga hakuongeza.

"Siku ile ulipompiga picha," alisema, "alikwambia nini?"

Kasmadi alitafuta kumbukumbuni. Siku hizo alikuwa akipiga picha watoto wa shule foleni nzima, mashati meupe, nywele zilizochanwa kwa maji. Angeweza kubuni neno moja tamu, na lingepokewa.

"Simkumbuki, Bu," alisema. "Nisamehe. Simkumbuki hata kidogo."

Bu Rukiyem alivuta kinu, akatwanga karanga.

"Alifumba macho," alisema. "Mwanga wako ulimtisha. Ukamwambia arudie, akafumba tena. Alirudi nyumbani amenuna…"

Kasmadi aliisogeza sahani pembeni, akamsikiliza.