Soseji Mdomoni mwa Ndafu

Juzi, kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu Felista, nilikumbuka kipaimara cha Felista mwenyewe, kule kijijini kwetu Kilema. Wajerumani, wageni wa parokia, walichoma soseji zao kando ya sufuria yetu ya mtori wa ndizi. Mama akachomeka moja mdomoni mwa ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa. Mimi nikadhani ni ulimi wake.

Felista alipoanza kulisha watu vipande vya ndafu, kama ilivyo desturi, soseji ile alimpa binti wa Kijerumani. Nikaona wivu.

“Na mimi je?”

“Subiri. Wewe ni wa nyumbani.”

Akanilisha mwisho kabisa, kipande cha ubavu. Nilitafuna huku nalia.

Juzi mtoto wa Felista aliniita mapema. “Shikamoo mjomba, karibu. Tunaanza na wageni.”

Nikala, nikimwonea wivu mdogo wake, aliyekuwa bado anasubiri.