Siku Walipoliita Shamba Langu Outlier

Nimelima viazi Mau Narok tangu niolewe, na sijawahi kutukanwa kwa Kiingereza hadi kijana mmoja wa mbegu, aliyetumwa na kituo cha utafiti, alipofungua kompyuta yake mbele ya kikundi chetu, nje ya kanisa.

Kikundi kilikuwa kinachagua wakulima wa kuzalisha mbegu safi, wale watakaopewa miche kutoka kituo cha utafiti wauzie wenzao. Nilikuwa nimeitaka nafasi hiyo kwa miaka. Tulijaza fomu, kila mtu aseme ekari moja imempa magunia mangapi. Magunia yangu yalikuwa karibu mara tatu ya yale ya majirani.

"Mathe, shamba lako ni outlier," kijana akasema kwa upole. "Tumelitoa kwenye hesabu." Jina langu likatoka pamoja nalo.

Mwenyekiti wetu, jirani yangu wa mpaka mmoja, akacheka. "Nilijua tu! Huyu mama anavuna kwa mdomo."

Ala! Nilitamani kumrushia kiatu. Badala yake nilienda nyumbani na hasira yangu yote, nikafungua kamusi ya Kiingereza niliyobaki nayo tangu sekondari, mgongo wake umeshikiliwa na selotepu. Outlier, ilisema, zamani alikuwa mtu anayelala mbali na mahali pake pa kazi. Baadaye wakaita hivyo mnyama anayejitenga na kundi, halafu kipande cha mwamba kilichobaki peke yake baada ya mwamba uliokizunguka kuliwa na mvua na upepo. Watu wa hesabu walilichukua neno hilo mwishoni, kwa namba iliyosimama mbali na zingine. Nilisoma mara mbili na sikuona popote panaposema mtu huyo ni mwongo.

Ile habari ya mwamba ndiyo iliyoniamsha. Kama kipande kimebaki peke yake, basi cha kuuliza ni wenzake walienda wapi. Nikaanza kuwafikiria majirani, na magunia yao.

Kwetu viazi huuzwa kwa mukorino, gunia linaloshonewa kilemba cha wavu juu, viazi vikarundikwa hadi likae na kichwa. Serikali imelipiga marufuku lakini mabroka, wale wanunuzi wa kati, hawataki lingine. Mimi nililikataa zamani. Napima kilo hamsini, nashona, basi, na broka asiyetaka apite. Wananiita mkaidi. Sasa fomu ilikuwa imeuliza magunia ya kilo hamsini, na wenzangu, kwa mazoea, walikuwa wamehesabu mukorino moja kama gunia moja!

Asubuhi nilipakia mizani yangu kwenye wilibaro nikaisukuma hadi kanisani, kilima na matope yake. Walikuwa wamekutana tena kumaliza orodha. Mukorino za mwenyekiti zilikuwa zimepangwa kando ya barabara zikingoja lori.

"Boss," nikamwambia kijana, "kabla hujafunga hiyo kompyuta, nipimie moja ya hizo."

Mwenyekiti akaanza, "Sasa wewe mama..."

"Wacha mizani iongee," nikamkatiza.

Wanaume wawili walilinyanyua wakihema. Mshale ukapita hamsini, ukapita mia, ukaendelea. Kijana aliinama akausoma, akasoma tena. Kisha akamuuliza mwenyekiti taratibu, "Mzee, hii uliandika gunia moja?"

"Si ni gunia moja?" mwenyekiti akajibu, na watu wakaangua kicheko, yeye mwenyewe mwishowe akacheka.

Wote walikuwa wamejipunja. Kijana aliwaita mmoja mmoja, akarekebisha. Mavuno yao yalipanda, kila mtu akashangaa jinsi alivyo mkulima hodari, na shamba langu halikuwa peke yake tena. Lilikuwa mbele tu, kidogo, lakini mbele.

"Pole, mathe," kijana akasema. "Kati ya namba zote nilizopewa, ni yako tu iliyokuwa sawa. Na ndiyo niliyofuta."

Haki nilitaka kulia. Mwenyekiti akapewa orodha mpya asome, na ilibidi aanze na jina langu. Alilisoma kwa sauti ya mtu aliyemeza kiazi kizima. Sikungoja mtu anipongeze. Nilipiga vigelegele mwenyewe, pale pale, miguu yangu ikiwa na matope hadi magotini, na wanawake wote wakaitikia.