Gari Lililorudi kutoka Carama

Gari letu liliporudi kutoka Carama, mume wangu alifungua mlango wa mbele, kisha akaurudisha haraka na kujiziba pua. Nilidhani panya kafia ndani. Lakini si panya aliyekuwa akinuka. Gari lenyewe lilikuwa limeoza. Viti vilikuwa vimeota kuvu, jeupe mgongoni na la kijani kwenye mishono, na zulia la chini ukilikanyaga linatoa maji kama sponji ya kuoshea vyombo.

Rafiki wa mume wangu, aliyelisukuma mpaka kwetu Jabe pamoja na vijana aliowalipa chai, alisimama pembeni akijifuta jasho.

"Mvua, ndugu yangu," alisema. "Mvua za kule unazijua. Paa inavuja."

Mume wangu alimshukuru. Nilisikia jinsi alivyomshukuru, nikajua kwamba hakuamini.

Kabla ya vita tulikuwa majirani na huyo rafiki, huko Carama, kaskazini mwa mji, na yeye na mume wangu walikuwa wakifanya kazi pamoja bandarini. Risasi za mtaa wa jirani wa Kinama zilipozidi, sisi tulihamia Jabe kwa mama yangu. Tulichukua magodoro, masufuria na cherehani yangu. Gari halikuwa na petroli, na hata lingekuwa nayo, barabarani kulikuwa na vizuizi, na penye kizuizi mtu mwenye gari ndiye huulizwa maswali mengi. Rafiki alibaki, kwa kuwa mtaa ule ulikuwa wa watu wake. Mume wangu alimkabidhi ufunguo mbele yangu.

"Usimufungulie mutu," alimwambia. "Ata kama ni ndugu yako."

"Ata siku moja," rafiki aliapa.

Misimu ya mvua ilipita, risasi zikapungua. Sasa gari lilikuwa mbele ya kibanda changu cha ushonaji karibu na soko, na kazi ya kulirudisha katika hali yake ikawa yangu. Mume wangu alikuwa bandarini tangu asubuhi, na viti, kwa vyovyote, ni nguo kama nguo nyingine. Fundi wa magari wa jirani alinisaidia kufungua boliti zilizoshika kutu. Tulivitoa viti vyote, tukang'oa zulia na ile pamba nene iliyo chini yake, tukavianika kwenye jua. Pamba haikufaa tena. Nilipoikamua ilitoka maji meusi, na watu waliokuwa wakipita walinitazama vibaya. Siku zile mtu akikuona na gari lililofunguliwa matumbo hujiuliza umelipata wapi. Mwanamke mmoja niliyemshonea nguo miaka mingi alisimama, akachungulia, akasema tu, "Gari ya nani hiyo?" Nilipojibu ni yetu, aliitikia "Ehee," akaenda zake. Hakunisalimia tena mpaka Idi.

Nilisugua vitambaa kwa sabuni na siki, nikavianika, nikavisugua tena. Fundi naye alikwangua kutu sakafuni, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Kisha akasema kabla hatujarudisha chochote ni lazima tujue maji yaliingilia wapi, ama sivyo tutakuwa tunafua nguo na kuirudisha matopeni. Niliingia ndani, nikafunga milango na vioo, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Yeye akapanda juu ya benchi, akamwaga maji juu ya paa, ndoo baada ya ndoo, kisha kwenye kioo cha mbele, kisha kwenye milango. Mimi nilikuwa nikipapasa mpira wa kila kioo na pembe za paa.

Hakuna tone lililoingia.

"Mwaga tena," nilimwambia.

Alimwaga tena. Kukavu.

Nilipotoka, fundi alikuwa akikuna kidevu. "Mama, gari hii haivuji. Walifungua vioo. Tena walivifungua wakati wa mvua."

Tangu hapo nilianza kuangalia vile viti kwa jicho jingine. Mshono mmoja wa kiti cha nyuma ulikuwa umeshonwa upya kwa mkono, kwa uzi wa buluu, mishono ya kukaza kama ya mtu anayeshona gunia. Mimi ndiye niliyevishona vile viti zamani, na sikutumia uzi wa buluu. Kitambaa cha ndani ya mlango kilikuwa kimechomolewa nyuzi, moja moja, kwenye sehemu ndogo tu, pale ambapo kidole cha mtu aliyekaa hufika. Chini ya kiti tulikuwa tumekuta magunzi ya mahindi na kitana kilichovunjika meno. Na pembeni mwa kile kiti cha nyuma, upande wa kulia, palikuwa na doa jeusi lililoshuka mpaka chini, ambalo sabuni haikuliondoa. Nilililoweka katika maji baridi yenye chumvi. Maji yakawa ya rangi ya kutu, kisha mekundu. Mwanamke hahitaji kuambiwa hiyo ni nini.

Jioni nilimwonyesha mume wangu lile beseni.

"Walimubeba mutu mule," alisema. "Ao walimuulia mule."

"Hatujui."

"Weye haujui. Mi najua. Gari bila petroli inasukumwa, inaenda popote."

Aliniambia nimwage yale maji mbali na mlango wetu. Usingizi wa siku ile haukuwa usingizi.

Yule rafiki alikuja siku chache baadaye, na mkungu wa ndizi begani. Nilimpa kigoda na chai. Macho yake hayakutulia. Alitazama viti vikiwa vitupu, mifupa ya chuma na springi, akauliza, "Shemeji, ile kitambaa ya nyuma mumeitupa?"

"Apana. Naifua. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Shemeji, tulimwaga maji juu ya paa. Haivuji."

Aliweka kikombe chini. Chai ilikuwa bado nusu. "Mvua ya kule ni kali," alisema, "inaingia ata penye hakuna tundu." Kisha akakumbuka kwamba alikuwa na safari, akaaga.

Sikuweza kukaa na jambo lile. Nilimwambia mume wangu nakwenda kutafuta kitambaa, nikapanda basi la kaskazini. Mtaa wetu wa zamani niliufahamu kwa shida. Nyumba yetu ilikuwa haina mabati. Mke wa yule rafiki nilimkuta nyuma ya nyumba yao akipalilia maharage, na aliponiona alinyanyuka na jembe mkononi, halafu hakuliweka chini.

"Karibu, dada," alisema. Hakunikaribisha ndani.

Tulisalimiana, tukaulizana watoto, wazazi, afya. Nilitafuta njia ya kuzunguka, sikuipata, nikasema moja kwa moja: "Dada, katika gari yetu kulikuwa damu."

Alitazama ua wa jirani kwanza. Kisha akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko, kwenye mahali palipokuwa na majani yaliyokufa, kipande kirefu cha ardhi cha ukubwa wa gari.

"Ilikaa hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Tuliifunika na shitingi, ile turubai ya plastiki. Ndani tuliweka mama mumoja na watoto yake."

"Mama gani?"

"Siyo wa kwetu. Ni wa upande wenu. Walikuwa wanawatafuta nyumba kwa nyumba, na nyumba yetu walishaingia mara nyingi. Lakini nani atatafuta mutu ndani ya gari imekufa? Huyo mama walimukata muguu. Nilimufunga na kitenge yangu, damu ikapita."

"Na vioo?"

"Watoto walikuwa wanakosa pumuzi chini ya shitingi. Tulishusha vioo kidogo. Mvua ikinyesha, shitingi inabeba maji kama beseni, yanamwagika ndani. Walikaa katika maji, dada. Walikaa kimya. Yule mutoto mudogo alikuwa anachomoa nyuzi kwenye mulango ili asilie."

Nilijikuta nimechuchumaa. Nilimuuliza walikwenda wapi.

"Walivuka ziwa. Tunasikia wako Kigoma."

"Mumesikia kwa nani?"

"Kwa watu." Aliniangalia usoni. Alijua kwa nini nimeuliza, na mimi nilijua kwamba amejua.

"Sasa kwa nini hamukutuambia?"

"Tuambie nani? Bwana yangu aliapa mbele ya bwana yako hatafungua. Na hapa mutaani wakisikia tulificha nani, watatuchoma. Ata weye sikujui vizuri. Nimesema kwa sababu umesema damu. Sitaki ufikiri tuliua."

Nilirudi Jabe bila kitambaa. Njiani nilipima maneno yake kama ninavyopima nguo mwilini mwa mtu, nikitafuta panapobana. Mguu, doa la kushuka upande wa kulia, nyuzi za mlangoni ambazo sikuwa nimemtajia. Hapakubana popote. Lakini Kigoma ni mbali, na "kwa watu" si jibu.

Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho huku akila. "Kila mutu sasa aliokoa mutu," alisema. "Wote waliokoa. Waliokufa waliuliwa na nani?"

Nilinunua sponji ya godoro, nikaikata kwa umbo la kiti cha nyuma, nikashona kitambaa kipya cha kijivu. Kile cha zamani nilikizika nyuma ya nyumba ya mama, kwa kuwa damu ya mtu haitupwi jalalani. Milango tuliitengenezea mbao nyembamba badala ya yale makaratasi magumu ya ndani yaliyovimba kwa maji. Harufu ilipungua, ikabaki kidogo siku za joto, na fundi alipoiwasha injini na petroli ikapatikana, mume wangu akawa anaendesha na vioo vyote chini hata vumbi likiwa kali.

Yeye na rafiki yake hawakugombana. Bandarini walisalimiana, wakafanya kazi, hakuna aliyekwenda kwa mwenzake. Kisha jioni moja meli ilichelewa kupakuliwa, mabasi ya kaskazini yakawa yameisha, na saa ya marufuku ya kutembea usiku ilikaribia. Mume wangu alimkuta amesimama getini peke yake. Alisimamisha gari.

Alinisimulia mwenyewe, akiwa bado na funguo mkononi. Alimfungulia mlango wa mbele, lakini yule bwana alikwenda kukaa nyuma, upande wa kulia. Aliweka kiganja juu ya kile kitambaa kipya, akakipapasa mpaka wakafika Carama, na mume wangu akimtazama katika kioo.

"Alikuwa analia?" nilimuuliza.

"Kulikuwa giza."

Alivua viatu, akaniomba maji ya kunywa. Baadaye, tukiwa tumekaa, akasema kwamba Jumapili atakwenda Carama kuona nyumba yetu, kama kuta bado zinafaa, na kwamba rafiki yake amesema atamsaidia kutafuta mabati. Hakusema kwamba amemwamini. Nilimkatia ndizi, akala.