Jogoo wa Wafadhili

Miaka ile ya ruksa, mitumba imejaa soko la Songea na kila mtu yuko huru kuuza anachotaka, sisi watoto wa wakulima tukaambiwa kwamba chuoni sasa ni kuchangia gharama. Kuchangia na nini? Baba alishafariki, na nyumbani kwetu Maposeni tulikuwa na mahindi tu, na bei ya mahindi mnaijua. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda chuo. Bila mfadhili ningebaki kupalilia.

Mjini kulikuwa na ofisi ndogo iliyotoa ufadhili kwa watoto wa wasiojiweza. Niliomba, nikafaulu usaili, ikabaki hatua moja: kamati ije nyumbani ione hali yetu. Wakatuma taarifa kwamba watafika Jumamosi.

Hapo ndipo mama aliponiharibia. Kwetu, mgeni aliyetoa taarifa haachwi akute nyumba kama ilivyo. Mama akaazima viti kwa mwalimu, vikombe kwa mke wa katekista, redio kwa shemeji yake. Jogoo akachinjwa. Majirani wakaleta mchele, maana mgeni wa mmoja ni aibu ya wote akilala njaa. Wanakamati walikula, wakashiba, wakasifu mchuzi. Haukupita muda jibu likaja: familia hii inajiweza.

Nililia kwa hasira. Kesho yake nikapanda lori la mahindi mpaka mjini, nikaingia ofisini bila kuitwa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, mtu mpole, na siku ile upole wake uliniudhi. Nikampa shikamoo yake, maana adabu sikuiacha nyumbani, kisha nikamwambia viti alivyokalia si vyetu, redio si yetu, na yule jogoo hakuacha mwenzake bandani. Akajibu kwamba wao huandika wanachokiona.

"Basi njooni bila taarifa," nikamwambia. "Mkitoa taarifa mtapokelewa. Sisi hatujui kumpokea mgeni kwa njaa."

Wakaja siku ya kazi, yeye na dereva wake. Nyumba tupu, jamvi moja. Mama alitoka shamba na jembe begani, matope mpaka magotini, akawakuta wamesimama uani. Hakufurahi hata kidogo.

"Umenivizia, baba," akamwambia. Kisha akanigeukia, akaniambia kwa Kingoni nisonge ugali.

Mboga ilikuwa likolo, majani ya maboga, bila hata karanga. Mwenyekiti alichungulia kile chungu, uso ukamlegea kwa huruma. Akasema ahsante mama, hatuwezi kuwamalizia chakula, tumeshaona, binti atapata ufadhili. Nikaanza kumshukuru.

Mama akanikatiza. "Kama chakula changu hakiliki, na ada yenu ikae hukohuko."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Shule yote niliyosoma, taa za koroboi, kutembea kwa miguu na mvua, mama anaitupa kwa sababu ya majani ya maboga? Nikamkazia macho anyamaze. Hakutania. Na nilivyozidi kumtazama ndivyo hasira yangu ilivyohama, ikamwacha yeye, ikawaendea wageni. Nilikuwa nimechoka kukaguliwa. Nikachukua maji ya kunawa, nikaenda kusimama mbele ya mwenyekiti. Akikataa, nitarudi shambani na mama, basi.

Alinitazama, akamtazama mama. Kisha akavua viatu, akakaa jamvini, akanyoosha mikono nimnawishe. Alikula, akaomba likolo aongezewe, mama akampakulia.

Chuo nilisoma mpaka nikamaliza. Wapo wanaosema hadi leo kwamba nilisomeshwa kwa huruma. Waongo. Huruma ilitaka kuondoka bila kula, mama akaikalisha chini.