Nyumba Iliyoipa Barabara Kisogo

Tofali bichi likipasuliwa hutoa vumbi lenye harufu yake, kama ghala la mtama lililofungwa muda mrefu. Juzi fundi alikuwa anatoboa ukuta wa nyumba yangu moja hapa Nyakahura, aongeze fremu ya duka, harufu ile ikanirudisha nyumbani kwa baba. Mimi niliishia darasa la tatu. Leo nina fremu saba barabarani na vyumba vya wapangaji juu yake, na hakuna aliyenisaidia hata msumari. Lakini niwaambie kweli: mlango wa kwanza niliouona ukikatwa kuelekea barabarani nusura utuangushie nyumba.

Baba alikuwa amekimbia Burundi akiwa kijana. Kiwanja alichopewa kilikuwa kando ya barabara, ila mlango mmoja wa nyumba aliyoijenga aliuelekeza nyuma, migombani. Upande wa barabara ulikuwa ukuta mtupu, hata dirisha hakuna. Majirani walitutania kwamba nyumba yetu imenuna.

Mwaka mahindi yalipokauka, malori yalikuwa yameanza kusimama pale, madereva wakiulizia chai. Mama alisubiri baba aende Ntobeye kwa mdogo wake, akashika sururu. Mimi, binti wa miaka minane, nikawa nazoa kifusi. Mwanga ulipoingia chumbani upande ule kwa mara ya kwanza, ufa ulianzia juu ya tundu, ukapanda polepole kuelekea paani. Mama akaacha kugonga. Ukuta ulikuwa unalia.

Na baba akawa amesimama barabarani, amerudi siku mbili mapema, anatutazama kupitia tundu.

“Mama Sabina, toka humo.”

Mama hakutoka. Alikuwa ameegemeza mgongo kwenye ukuta kana kwamba angeweza kuuzuia. “Ukiliziba,” alisema, “utuambie tutakula nini.”

Baba akaondoka, akarudi na gogo. Nilijua sasa mama anapigwa. Kumbe alilipachika juu ya tundu, akalikaza kwa nyundo, huku kila mara akigeuka kutazama barabara. Barabarani hapakuwa na mtu. Ufa ukasimama. Ndipo akauliza mlango utafungwa na nini. Mama akajibu mbao.

“Mbao nene,” baba alisema. “Na makomeo mawili, kwa ndani.”

Chai ile ndiyo iliyotulisha. Baba alihamishia kigoda chake mlangoni, akakaa hapo kila siku ya maisha yake. Mteja akimwamkia shikamoo, baba aliangalia kwanza mikono ya mteja, ndipo aitikie marahaba. Nilimwonea aibu. Nilidhani anatazama nani amekuja na pesa.

Tulipokwisha kumzika, mama akaniambia. Waliowaua ndugu za baba kule Burundi walikuja kwa njia ya barabara, mchana, wakabisha hodi, wakasalimia vizuri.

Mimi nilidhani alikubali ule mlango siku moja, yakaisha. Mzee yule alikuwa anaukubali upya kila asubuhi, kwa woga uleule, ili sisi tule.