Mbwa Aliyeombewa Barua kwa Mwenyekiti

Dada yangu mkubwa anaishi ng'ambo, Busia ya Kenya. Mumewe alipofariki, wezi walianza kuzoea boma lake, naye akakosa usingizi. Akaniomba mbwa wangu mweusi.

Kuku na mbuzi huvuka kwa njia za panya kila asubuhi. Lakini mimi nimewafokea wanangu miaka yote juu ya magendo. Singempitisha mbwa vichakani kama gunia la sukari. Jirani anayechoma ng'ombe sindano huku kwetu Bulumbi, upande wa Uganda, alijitolea kuniandikia cheti cha afya. Nikamwambia mkono wake ni mzuri, ila mpakani wanataka daktari aliyesajiliwa na serikali.

Kwetu hakuna jambo la ofisi linaloanza bila barua ya mwenyekiti wa kijiji. Nikaenda kwake. Akauliza kama mbwa ana kesi. Mke wake akatoka jikoni kukumbusha mayai yake yaliliwa na nani. Tukajadiliana mpaka chai ikaisha, ndipo mwenyekiti akaandika kwamba mbwa ni mkaazi, anajulikana, na shauri la mayai limezungumzwa. Akapiga muhuri.

Nikavaa gomesi, vazi langu la heshima, nikapanda boda mpaka Tororo kwa daktari wa mifugo, msichana wa umri wa mjukuu wangu. Alisoma barua, akairudia, midomo ameibana.

"Nyanya, mkaazi mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwambia yuko nyumbani, analinda.

"Mimi sipimi barua. Mlete."

Nikamleta kesho yake. Akamtazama meno na macho, akambonyeza tumbo, akamchoma chanjo ya kichaa cha mbwa. Kisha akasema turudi baada ya mwezi, ndipo asaini. Nikamwuliza dada yangu atalindwa na nani mwezi mzima. Akasema anasikitika, lakini haandiki kisichokuwa kweli. Hapo nikashika kamba ya mbwa tukaondoka, maana nami ningejibu vivyo hivyo.

Mbwa nikamwachia mwanangu, nikaenda kulala kwa dada mwenyewe, panga chini ya kitanda. Alilalamika kwamba nakoroma kuliko mbwa yeyote na nakula kuwashinda wawili.

Mwezi ulipotimia daktari akasaini, nami nikamvusha mbwa mchana kweupe, barabara kubwa. Dada akatutazama wote wawili.

"Huyu abaki," akasema. "Wewe nenda."

Kesho yake nilimpigia simu alfajiri, saa ambayo siku zote humkuta macho. Haikupokelewa. Jua lilikuwa limeshapanda aliponipigia, sauti nzito, akiuliza kwa nini namsumbua.